Kufuata neno moja: Malmö hadi Þingvellir kwa treni, meli na gari la kukodi

Nimerudi nyumbani wiki tatu sasa, na ndiyo kwanza nimepata nafasi ya kukaa na kidaftari changu na picha za simu. Baadhi ya kurasa zililowa maji ya chumvi, kwa hiyo mkiona bei nimeandika "kama" mjue ndiyo sababu.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, naishi Malmö, kusini mwa Sweden. Kazi yangu kubwa ni mahakamani, na wengi ninaowakalimania ni ndugu zetu waliotoka Kivu. Mahakama ya mwanzo hapa huitwa *tingsrätt*. Msimu wa baridi uliopita nilikaa koridoni na mama mmoja mtu mzima, tunangoja kuitwa. Kesi yake siisimulii, nimekula kiapo, ila swali lake si siri. Alikuwa anajifunza Kiswidi darasani, akakisoma kibao cha mlangoni pole pole kisha akanigeukia:

"Mwanangu, *ting* si ni kintu? Sasa hii ni tribinali ya bintu? Mimi sikuiba kintu ya mutu."

Nikamwambia, mama, hilo ni jina tu. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Miaka yote naingia mlango ule, sijawahi kujiuliza kwa nini mahakama iitwe kitu. Nilipofika nyumbani nikaanza kufukua, na kufukua kukazaa ramani, ramani ikazaa likizo ya kwenda hadi Þingvellir, Iceland. Mke wangu alikataa katakata kwenda baharini siku mbili kwa sababu ya neno. Akamtoa kaka yake.

Siku ya 1, Alhamisi: Malmö – Copenhagen

Treni ya kuvuka daraja la Øresund ni kama dakika arobaini, na tiketi kama krona 150 za Sweden kwa mtu. Beba pasi mkononi, huwa wanakagua. Nilikuwa na begi moja la mgongoni, chupa ya chai ya tangawizi, na kopo la visheti ambalo mke wangu alilifunga kwa gundi ya karatasi ili tusilifungue kabla ya meli. Shemeji alikuja kwa basi kutoka Hamburg. Ni mtu wa Tanga, yuko Ujerumani zaidi ya miaka ishirini, na hana subira na nadharia.

"Shemeji, tunakwenda kuangalia nini hasa?"

"Neno."

"Wenzako wanakwenda Dubai."

Tulianzia Christiansborg, jumba la bunge la Denmark. Bunge lenyewe linaitwa Folketing, *ting* ya watu. Ndilo jina lake tangu katiba ya 1849, na leo lina viti 179, viwili vya Visiwa vya Faroe na viwili vya Greenland. Vikao vilikuwa vimefungwa kwa kiangazi, kwa hiyo tulipanda mnara tu. Hapalipwi chochote kupanda, ila mizigo inapitishwa kwenye mashine. Shemeji akamuuliza mlinzi kwa Kijerumani, kwa utani wake: liko wapi hilo *Ding*, yaani hicho kitu? Mlinzi, baba wa makamo, akajibu bila kutabasamu kwamba *ting* ziwekwe kwenye trei, na *Tinget* liko upande wa pili wa jengo.

Nikacheka peke yangu, maana pale alitufundisha nusu ya habari yote. Kidenmark kina ngeli mbili tu, na zote mbili zimelichukua neno hili. *En ting* ni kitu: simu, mkanda, sarafu za kwenye trei. *Et ting* ni baraza. Sauti ni ileile, ngeli ndiyo inayokwambia umesimama mbele ya nini.

Siku ya 2, Ijumaa: hadi Hirtshals

Reli ilikuwa inatengenezwa, tukahamishiwa basi, basi likachelewa, na tulipofika Hjørring kitreni cha mwisho cha kwenda Hirtshals, bandari ya meli yetu, kilikuwa kimeondoka. Baba mmoja aliyekuja kumpokea binti yake alituona tumeduwaa na mabegi. Akatupakia na kutupeleka kilomita 17 hivi hadi mlango wa hosteli, na hela ya mafuta akaikataa. Binti yake alikula visheti viwili (kopo lilikuwa limeshafunguliwa, nani alilifungua tusiulizane).

Kwa atakayepita njia hii: usipange kufika Hirtshals usiku wa manane, na usitegemee kula huko jioni. Nunua mkate na samaki mapema.

Siku ya 3 na ya 4: baharini

Norröna ni meli ya abiria na magari inayotoka Denmark kwenda Faroe kisha Iceland. Bei hupanda sana kiangazi. Sisi tulichukua vitanda vya bei ya chini kabisa, chini kwenye tumbo la meli, sita kwa chumba, taulo ujiletee. Meza dawa ya kichefuchefu kabla ya kuondoka. Ukingoja mpaka tumbo lianze, umeshachelewa. Chakula cha mgahawani ni kizuri, lakini bei yake inakufanya uhesabu visheti.

Jumapili mchana bahari ilitulia, na kwa mbali tukaona nchi kavu ya Shetland. Nikamwonyesha Shemeji ramani. Huko kuna mahali paitwapo Tingwall. Uskochi bara kuna Dingwall. Kisiwa cha Man kina Tynwald, na hilo ndilo jina la bunge lao hadi leo. Yote ni jina moja lililopitia midomo tofauti, *þingvöllr* ya watu wa Kaskazini, uwanja wa baraza. Ile Þ isome kama th ya thelathini.

"Na *Ding* ya Wajerumani?" akauliza. Hapo nikajua ameanza kunasa.

Nilimweleza nilivyosoma. Neno la kale kabisa, inavyoelekea, lilihusu wakati uliowekwa, miadi. Wagothi, watu wa kale wa ukoo wa lugha hizi, walikuwa na *þeihs*, maana yake wakati. Miadi ya kukutana ikawa mkutano wenyewe. Katika mkutano huo watu huru walikata kesi na kupitisha sheria, basi neno likahamia kwenye kesi inayosemwa pale, kutoka kesi likawa jambo lolote, na kutoka jambo likashuka hadi kitu cha kushika mkononi. Katika sheria za wafalme wa Kent, Uingereza, za karne ya 7 *þing* bado ni baraza la kesi. Waingereza wa leo wamebaki na kitu tu. Waholanzi wana *ding* la kitu, lakini kesi mahakamani bado ni *geding*, na kesi ya haraka ni *kort geding*.

Kijerumani nacho kimeficha athari zake. *Verteidigen*, yaani kutetea, ambalo Shemeji amelisikia kila siku kwenye mpira, linatokana na *tagedinc*, siku ya baraza, siku ya kesi. Kwa hiyo beki wa Hamburg ni wakili na hajijui. Na Dienstag, Jumanne yao, wanaisimu wengi huirudisha kwa mungu wa vita aliyekuwa pia msimamizi wa baraza. Kwenye Ukuta wa Hadrian, kaskazini mwa Uingereza, askari waliotoka Twente ya Uholanzi wakitumikia Roma katika karne ya 3 walimchongea madhabahu, wakamwita Mars Thincsus.

Shemeji akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo ningetembea maili zote zile nisingelipata mwenyewe.

"Sasa hiyo si *shauri*?"

Nikaacha kutafuna. Hebu lipime. Shauri ni ushauri, mashauriano. Shauri ni kesi: mahakama za Tanzania mpaka leo huandika shauri la madai namba fulani. Shauri ni jambo tu: hilo shauri lako, mimi simo. Ukikusanya watu wa kuamua, ni halmashauri. Neno lilitoka kwa Waarabu likiwa la kushauriana, na kwetu limepita vituo vilevile, isipokuwa halijafika kwenye kitu cha kushika. Hata *jambo*, ambalo ni letu la Kibantu, lina ukoo na *kuamba*, yaani kusema, ileile iliyotuachia *kwamba*.

Tena kuna hili, na Shemeji kama Mtanga alilifurahia kwa namna ya kulipiza. Wajerumani walipotawala Afrika Mashariki, maofisa wao walikaa bomani kusikiliza kesi za wenyeji, na katika maandishi yao wakaziita *Schauri*. *Ding* lao lilikuwa limeshakuwa kitu, halifai tena kuitia kesi. Wakaazima la kwetu.

"Na hawajarudisha," Shemeji akasema, akaenda kuswali.

Siku ya 5 hadi ya 7: Tórshavn

Tulishuka Tórshavn, mji mkuu wa Faroe, alfajiri ya Jumatatu kwenye ukungu mzito na mvua isiyoanguka, inaning'inia tu hewani. Mambo matatu ya kukumbuka. Mabasi mekundu ya mji hayalipiwi, panda tu. Faroe wana noti zao, thamani sawa na krona ya Denmark, lakini ukizirudisha Denmark dukani watazikataa, zimalize hukohuko. Na mwenye viza ya Schengen ajue Faroe haimo: viza lazima iandikwe wazi kwamba inafaa kwa visiwa hivyo. Sisi tuna pasi za Ulaya, lakini hosteli tulimkuta kijana aliyenusurika kurudishwa.

Tinganes ni ulimi wa mwamba unaoigawa bandari mara mbili. Jina ni wazi sasa: rasi ya baraza. Watu wa visiwa hivi walikutana hapa tangu enzi za Waviking. Nyumba za mbao zimepakwa rangi nyekundu, juu yake majani mabichi kabisa yanaota kama shamba, na madirisha ni meupe. Nyingi za zamani zaidi ziliungua kwenye moto wa 1673. Bunge lenyewe, Løgting, sasa linakaa jengo jingine katikati ya mji. Lilifutwa 1816, likarudishwa 1852. Walioko Tinganes leo ni serikali, na kiongozi wake huitwa *løgmaður*, mtu wa sheria.

Kilichotushangaza ni kwamba hakuna geti. Unapita kichochoroni, nguo za mvua zinachuruzika, na mlango wa waziri uko hatua tatu kutoka begani kwako. Tulikwenda mpaka nchani, ambako miamba ina michoro na herufi za watu wa zamani, tukakaa juu ya jiwe na chupa ya chai.

"Baraza," Shemeji akasema akipigapiga jiwe. Na kweli, kwetu pia kiti cha mawe mbele ya nyumba ndicho kilichozaa Baraza la Mawaziri.

Mama mmoja mzee aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama kutuuliza kama tumepotea. Tukamwambia tunafuata neno *ting*. Wengine wangekimbia; yeye alitualika kwake. Alitupa kahawa, keki ya rubarb, na vipande vya *skerpikjøt*, nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo wa bahari bila kupikwa. Harufu yake inaingia chumbani kabla ya sahani. Mimi nilikula viwili kwa heshima. Shemeji alijitetea kwa kisingizio cha uchinjaji, akala keki ya watu watatu. Mama akatuambia kwao watu hawasemi "serikali imeamua", mara nyingi husema tu Tinganes imeamua. Tukamwachia kashata. Jumatano yote mvua ilinyesha, tulilala.

Siku ya 8, Alhamisi: Seyðisfjörður – Reykjavík

Meli iliingia Iceland asubuhi, kwenye mkono mwembamba wa bahari, milima pande zote, theluji bado mabegani mwake ingawa ni Juni. Basi dogo hadi Egilsstaðir hupanda mlima na kushuka, kilomita 27, na linajaa mara moja. Mkate mmoja na kahawa mbili kituoni vilitutoka kama krona 3,500 za huko. Kutoka hapo tulipanda ndege ndogo, saa moja tu, badala ya kuzunguka kisiwa kwa barabara.

Kwenye tiketi siku iliandikwa *fimmtudagur*. Majirani zao wote wana siku za miungu, lakini Iceland kanisa lilizifuta, na baadhi wakazihesabu: fimmtudagur ni siku ya tano. Alhamisi yetu, kwa Kiarabu, nayo ni ya tano, na ni siku hiyohiyo. Nilimwonyesha Shemeji. Yeye alikuwa na hesabu yake nyingine: Magharibi inaingia karibu saa sita usiku, Isha lini, Alfajiri lini, na alale lini.

Usiku ule (kama ni usiku) tulikula *kjötsúpa*, supu ya kondoo na viazi. Kwa asiyekula nguruwe, hiyo ndiyo ya kuomba. Soseji zao za barabarani wanazosifu watalii zina nyama mchanganyiko, uliza kwanza.

Siku ya 9, Ijumaa: Þingvellir

Hakuna basi la kawaida la abiria. Ama utalii wa pamoja, ama ukodi gari. Tulikodi gari dogo, kama kilomita 45 kutoka mjini, barabara ya lami nzuri. Kuingia hakulipiwi, maegesho yalikuwa kama krona 1,000, kila kitu kwa kadi. Vituo vya mafuta visivyo na mtu vinadai namba ya siri ya kadi, ikumbuke.

Unaegesha juu, halafu ardhi inafunguka. Njia inashuka katikati ya kuta mbili za jiwe jeusi, upande wa kushoto ukuta mrefu kama jengo la ghorofa. Ni Almannagjá, tafsiri yake ufa wa watu wote. Bamba la ardhi la Amerika Kaskazini linavutwa huku, la Ulaya na Asia kule, takriban sentimita mbili kwa mwaka. Mwenye kupita ukingo wa Bonde la Ufa kule kwetu atajua ninachosema: unaona kabisa kwamba nchi imechanika.

Hapa mwaka 930 walianzisha Alþingi, *þing* la wote. Kila kiangazi, kama wiki mbili za Juni, watu walipanda farasi kutoka pembe zote za kisiwa, wengine siku nyingi njiani. Hapakuwa na mfalme. Kulikuwa na *lögsögumaður*, msema sheria, aliyesimama kwenye Lögberg, mwamba wa sheria, akaisoma kwa moyo mbele ya umma: theluthi kila mwaka, mpaka imalizike kwa mitatu. Hawakuwa wameiandika.

"Hafidh," Shemeji akasema polepole. Alisimama pale kwenye bendera inayoonyesha panapodhaniwa kuwa mwamba ule, akageukia ukuta wa jiwe na kupaza sauti: "Shauri la leo!" Ukuta ukamrudishia. Watalii wakageuka. Binti mmoja wa hifadhi, mwenye koti la kijani, akaja, tukadhani tunafukuzwa. Kumbe alitaka kujua ni lugha gani.

Nilipomweleza habari ya shauri alituonyesha vilima vidogo vyenye nyasi: misingi ya *búðir*, vibanda vya mawe na udongo walivyoezeka kwa nguo wakati wa baraza. Leo *búð* kwao ni duka. Nikamuuliza, na kitu mnakiitaje? Kwa kawaida *hlutur*, akasema; *þing* ni bunge. Basi hapo nilifika mwisho wa ramani yangu. Kwa Mwingereza baraza limekufa, kimebaki kitu. Mdenmark anavyo vyote viwili. Iceland baraza lipo hai, na kitu kimetafutiwa jina jingine.

Alitusimulia pia habari ya mwaka 1000 hivi, Wakristo na wapagani walipokuwa tayari kupigana mahali hapahapa. Wakamwachia uamuzi Þorgeir, msema sheria, mpagani. Alilala chini ya joho lake mchana na usiku bila kusema neno. Alipoinuka aliwaambia wakiikata sheria vipande viwili watakuwa wameikata amani, kisha akaamua wote wabatizwe. Wapagani waliruhusiwa kuendelea kula nyama ya farasi, na kutambika kwa siri.

Lakini tusipake mahali hapa asali. Hatua chache chini, mto Öxará unatua kwenye kidimbwi kinachoitwa Drekkingarhylur, kidimbwi cha kuzamishia. Baada ya karne ya 16 wanawake waliohukumiwa, wengi kwa makosa ya uzinzi na mimba, walizamishwa humo. Kumbukumbu zinawataja 18. Maji ni masafi kabisa, unaona mawe ya chini. Niliwakalimania wanawake wengi mbele ya majaji. Nilikaa pale muda mrefu kuliko pengine popote katika safari hii, na Shemeji hakunihimiza.

Alþingi lilikutana hapa mpaka 1798, likafutwa 1800, likarudi 1845 likiwa Reykjavík. Jamhuri ilitangazwa hapahapa Þingvellir, mvuani, 17 Juni 1944.

Siku ya 10 na ya 11: kurudi

Jumamosi ilikwisha kwenye mabishano. Kampuni iliyotukodishia gari ilidai mchubuko wa mlangoni ni wetu. Shemeji alikuwa amepiga picha kila upande kabla ya kuondoka, tarehe na saa zikiwemo, na madai yakayeyuka. Piga picha, hata kama mvua inanyesha, hata kama mwenyeji anakuhimiza. Jumapili ndege, mwendo wa kama saa tatu hadi Copenhagen, tukaagana stesheni. Kopo la visheti Shemeji alilichukua, tupu, akisema ni *Ding*.

Wiki iliyofuata nilikuwa na kazi mlango uleule, na kwa bahati ni kikao cha pili cha yule mama. Tukakaa koridoni. Nikamwambia, mama, lile swali lako nimelipatia jibu. Hii si mahakama ya vitu. Ni ya mashauri.

Akakunja uso. "Mashauri?"

Nikatafuta la upande wake. "Ya maneno, mama. Watu wakiwa na maneno, wanakuja kuyasema hapa."

"Aa, ya maneno!" Akanipiga kofi la paja. "Mbona haukusema vile siku ile?"

Kipaza sauti kikaita namba yetu.